Pointi za maonyesho ya wazi kwa farasi wadogo: namna ya kuandika kanuni isiyovuja

Rejista, yaani chama kinachosajili farasi wa aina fulani, ikihesabu pointi za maonyesho ya wazi inatia sahihi yake kwenye matokeo ambayo haikuyasimamia. Ugumu wote uko hapo. Hata hivyo tunaona zihesabiwe, kwa sharti moja lisilolegea: ziwe na daftari lake na tuzo zake, na zisiguse kamwe ubingwa wa rejista, orodha yake ya heshima wala sifa ya kuingia mashindano ya taifa. Mwongozo huu ni wa kamati ya kanuni inayotaka kuandika kifungu kisicho na mianya, na wa mwenye farasi anayetaka fomu yake ya kudai pointi isirudishwe.

Onyesho la wazi hupokea farasi wa aina yoyote, mwenye cheti cha usajili na asiye nacho, na haliwajibiki kwa rejista yoyote. Onyesho lililoidhinishwa hufuata kanuni za rejista, huwa na mwamuzi aliyeidhinishwa nayo, na farasi hupimwa kimo. Kwa farasi wadogo kipimo hicho ndicho moyo wa usajili. American Miniature Horse Association (AMHA), iliyoanzishwa 1978, haiandikishi farasi aliyekomaa anayezidi inchi 34, yaani sentimita 86 na kidogo. American Miniature Horse Registry (AMHR), iliyoanza 1972 chini ya American Shetland Pony Club, ina madaraja mawili: A hadi inchi 34, na B kutoka juu ya 34 hadi 38.

Wazo lenyewe si geni. Appaloosa Horse Club, chama cha farasi wa aina ya Appaloosa, imeendesha mpango uitwao ACAAP, na American Paint Horse Association, chama cha farasi wa aina ya Paint, mpango uitwao PAC, yote miwili ikiwatuza farasi waliosajiliwa kwa kazi waliyofanya nje ya maonyesho ya chama. Tofauti ni kwamba Appaloosa akizidi kimo kwa inchi moja hakuna linaloharibika. Farasi mdogo akizidi inchi moja anaweza kuwa ametoka nje ya rejista, na ndiyo maana kifungu hakiwezi kunakiliwa tu kutoka kwa majirani.

Anza na kimo

Maonyesho mengi ya wazi hayapimi kabisa. Yanayopima mara nyingi huweka fimbo ya kupimia juu ya kilele cha mabega, kama inavyofanywa kwa farasi wengine. AMHA na AMHR hupima penye nywele za mwisho za shungi la shingo. Sehemu hizo mbili hazitoi namba moja: mgongo huinama kidogo nyuma ya mabega, kwa hiyo shungi linaloishia nyuma zaidi hutoa kimo kidogo zaidi. Farasi yuleyule anaweza kusoma inchi 34 mahali pamoja na zaidi ya hapo mahali pengine, na hakuna aliyedanganya.

Kwa sababu hiyo usikubali kipimo cha onyesho la wazi. Dai cheti cha kipimo cha msimu huohuo, kilichotolewa kwenye onyesho lililoidhinishwa au na mpimaji anayetambuliwa na rejista. Farasi ambaye hajakomaa apewe cheti cha miezi michache tu, kwa kuwa bado anakua. Cheti kisipokubaliwa, mara nyingi kosa ni mojawapo ya haya: farasi alipimwa juu ya majani au udongo laini badala ya sakafu ngumu iliyo sawa, miguu ya mbele haikusimama wima, kichwa kilishushwa au kuinuliwa mno, au fimbo haikuwa na pimamaji, mkono wake ukalala upande. Kwato zilizopunguzwa siku hiyohiyo nazo hubadilisha namba, hivyo tarehe ya kupunguza kwato iandikwe kwenye cheti.

Maonyesho ya wazi pia hupenda kuweka shindano moja la wote wasiozidi inchi 38. Kwa AMHR hapo A na B wamechanganyika. Pointi zinaweza kuhesabiwa, ila daraja la kila farasi litokane na cheti chake, lisitokane na jina la shindano.

Amua mashindano yanayoingia

Hapa ndipo kamati hukosana, na hapa tuna msimamo. Mashindano ya umbo, farasi anaposimamishwa akaangaliwa mwili, yaachwe nje. Mwamuzi wa onyesho la wazi anaweza kuwa hodari sana kwa farasi wakubwa na bado hajawahi kusoma kiwango cha farasi wadogo. Anaweza kumpendelea mwenye mifupa mizito kama poni, au asitambue dalili za udumavu wa kurithi: paji la uso lililofura, taya zisizolingana, miguu mifupi kuliko mwili unavyodai. Rejista ikimpa pointi farasi wa namna hiyo inampa mfugaji sababu ya kumzalisha, na madhara yake yatatokea kwa watoto wa farasi huyo.

Mashindano ya kazi ni jambo jingine. Kupita vikwazo kwa kuongozwa, kuruka viunzi kwa kuongozwa, kuvuta kigari: kiunzi kimeanguka au hakikuanguka, farasi alisimama langoni au alipita. Macho ya mwamuzi yeyote mwenye uzoefu yanatosha. Anzia hapo. Vigezo vya usalama vibaki vya rejista hata kama onyesho halivijali: asiyefikisha miaka 3 asipate pointi za kigari wala za kuruka, na umri uhesabiwe kuanzia Januari 1 ya mwaka aliozaliwa. Kama kanuni zenu zinawakataza watoto kuongoza madume, pointi za dume lililoongozwa na mtoto zifutwe.

Hesabu

Usitoe pointi kwa nafasi peke yake. Onyesho la wazi linaweza kuwa na shindano la farasi wawili, na wa kwanza kati ya wawili si sawa na wa kwanza kati ya kumi na wawili. Hesabu farasi walioshindwa.

Kanuni tunayopendekeza: pointi moja kwa kila farasi aliyewekwa chini yako, kikomo 6 kwa shindano. Wahesabiwe walioingia uwanjani na kuamuliwa, si walioandikishwa. Farasi wa mmiliki huyohuyo, au wa nyumba hiyohiyo, wasihesabiwe kuwa walioshindwa na mwenzao. Shindano liwe na angalau farasi 3 wa wamiliki 2.

Mfano: vikwazo, wameandikishwa 9, wawili wamejitoa kabla ya kuingia. Wamebaki 7. Mshindi amewapita 6, lakini wawili kati yao ni wa mmiliki wake. Anapata pointi 4. Wa pili, asiye na mwenzake uwanjani, amewapita 5 na anapata 5. Kwamba wa pili amepata zaidi ya wa kwanza itawaudhi watu. Waelezeni mapema, kwenye kifungu chenyewe, kwamba daftari hili linapima farasi wa wengine uliowapita, na utepe wa ushindi tayari umeshatolewa na onyesho.

Weka pia kikomo cha siku, tuseme pointi 15. Maonyesho ya wazi yana mashindano mengi madogomadogo, na bila kikomo farasi atasukumwa uwanjani kutwa nzima ili kukusanya. Farasi wa uzito huu huchoka kabla mwenyewe hajaona, hasa kwenye joto na kwenye kigari. Ambapo waamuzi wawili au watatu wanaamua kwa pamoja, hesabu kadi ya matokeo ya mwamuzi mmoja tu, na katibu aseme kabla ya shindano kuanza ni ya nani. Akichagua baada ya matokeo, atachagua iliyo bora.

Karatasi

Mmiliki ajiandikishe kwenye mpango kabla ya onyesho la kwanza. Kuandikisha nyuma kwa matokeo yaliyopita kunaleta kumbukumbu za kubuni. Fomu moja kwa siku moja ya onyesho, na iwe na:

- jina la farasi na namba ya usajili kama vilivyo kwenye cheti cha usajili;
- namba ya tarakimu 15 ya chipu, kifaa kidogo cha utambulisho kilichowekwa chini ya ngozi ya farasi, iliyosomwa kwa mashine siku hiyo;
- jina la shindano, idadi ya walioamuliwa, nafasi aliyopata;
- majina ya wamiliki wa farasi waliowekwa chini yake, au nakala ya orodha ya matokeo;
- sahihi ya katibu wa onyesho na ya mwamuzi, kila mmoja kwa mkono wake.

Ifike ofisini ndani ya siku 30. Ikichelewa isipokelewe, hata kwa rafiki wa mwenyekiti.

Chipu ndiyo watu huiruka, wakisema farasi ana kipimo cha DNA. DNA inathibitisha wazazi. Haionyeshi ni nani aliyeingia uwanjani Jumamosi, na farasi weusi watatu wa boma moja hufanana kabisa kwenye picha. Kama onyesho halina mashine ya kusoma, picha mbili zipigwe siku hiyo farasi akiwa na namba yake ya uwanjani, upande wa kushoto na wa kulia, alama za uso na miguu zikionekana wazi.

Fomu hukataliwa zaidi kwa idadi ya walioamuliwa kuliko kwa jambo lingine lolote. Mmiliki huandika idadi iliyo kwenye programu ya onyesho. Omba orodha ya matokeo kabla ya kuondoka uwanjani. Wiki mbili baadaye katibu wa onyesho dogo anaweza kuwa ameshatupa karatasi zake.

Adhabu na hofu ya vyama vidogo

Rejista haiwezi kumwadhibu mwandalizi wa onyesho la wazi, wala kusikiliza rufaa ya uamuzi uliotolewa pale. Inaweza kufuta pointi na kumsimamisha mwanachama. Kifungu kiseme hivyo, kisiahidi zaidi. Mengi ya maonyesho hayo hayapimi pia kama farasi amepewa dawa zilizokatazwa, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoruhusu pointi hizi zipande kwenye sifa zinazoongeza bei ya dume la kuzalishia.

Wanaopinga husema maonyesho yaliyoidhinishwa yatakosa washiriki. Hofu hiyo ni ya haki, hasa kwa vyama vya wilaya vinavyoishi kwa ada za kuingia. Lakini mwenye farasi mmoja aliyehasiwa, anayeishi mbali na onyesho lolote lililoidhinishwa, hayumo kwenye hesabu ya vyama hivyo hata leo. Kwa mpango huu anakuwa na sababu ya kulipia uanachama, na sharti la cheti cha kipimo linaweza kumfikisha kwenye onyesho lililoidhinishwa angalau mara moja kwa msimu. Jaribuni kwa misimu miwili, mkiandika kila wilaya idadi ya farasi walioingia maonyesho yaliyoidhinishwa kabla ya mpango na wakati wa mpango. Wilaya ambako idadi imeshuka, pointi za onyesho la wazi lililofanyika siku moja na lililoidhinishwa la jirani zisipokelewe.