Kuzifanya SUMO na CARLA zielewane kwa ontolojia

Kuzipitishia data programu mbili za uigaji, kama SUMO (inayoiga mtiririko wa magari barabarani) na CARLA (inayoiga magari yanayojiendesha), ni kazi ya siku moja. Kinachokula wiki ni maana. SUMO ikisema gari liko x = 100, inazungumzia katikati ya bampa la mbele; CARLA inazungumzia kitovu cha gari. Namba zinapita, hakuna kosa linaloripotiwa, na magari yanagongana bila sababu. Dawa yake ni ontolojia, yaani maelezo rasmi ya dhana na uhusiano wake ambayo kompyuta inaweza kuyasoma.

Hatua ya 1. Kabla ya kufungua Protégé, programu ya kuandikia ontolojia, andika maswali. Mahali hapa pamepimwa kutoka sehemu ipi ya gari? Pembe sifuri inaelekea wapi? Mhimili wa y umeelekea upande gani? Dhana isiyojibu swali lolote kati ya hayo, iache nje.

Hatua ya 2. Unda ontolojia ndogo ya kati: Gari, Mahali, NuktaRejea (sehemu ya gari ambayo mahali pamepimwa kutoka kwake), Pembe, Kipimo. Kila programu ielezwe kwa hiyo. Programu 6 zikitafsiriana mbili mbili zinadai tafsiri 15. Zikipitia katikati, 6 zinatosha.

Hatua ya 3. Hapa usikimbie, maana ndipo wengi tunapokwama. Umetamka kwamba kila Mahali pana NuktaRejea moja tu. Kisha Mahali pamoja pakapewa bampa na kitovu kwa mpigo. Ungetarajia kihakiki mantiki kama HermiT kikatae. Hakikatai. Kwa OWL, lugha inayoandikiwa ontolojia, majina mawili si lazima yawe vitu viwili, kwa hiyo kinahitimisha kwamba bampa na kitovu ni nukta ileile! Tamka wazi kuwa hizo ni nukta tofauti. Mstari huo mmoja ndio unaofanya mgongano uonekane kabla uigaji haujaanza, na kwangu mimi una thamani kuliko klasi (aina za dhana) mia.

Hatua ya 4. Hesabu za jiometri usizibebeshe OWL. Ontolojia iseme nini kinatofautiana. Msimbo wa adapta, yaani kiunganishi kinachotoa data SUMO na kuipeleka CARLA, ndio ubadilishe: rudi nyuma nusu ya urefu wa gari, punguza nyuzi 90 kwenye pembe, geuza alama ya y.

Hatua ya 5. Jaribu kwa gari moja lenye urefu wa mita 5, chanzo cha mihimili (x = 0, y = 0) kikiwa kimoja kwa programu zote mbili. Katika SUMO liweke x = 100, y = 20, pembe 90, yaani linaelekea mashariki. CARLA isome x = 97.5, y = -20, pembe 0. Ukiona 102.5, umelisogeza mbele badala ya kulirudisha nyuma. Usiongeze gari la pili mpaka hili lisimame mahali pake.