Kusanidi swichi ya kugawa picha za televisheni, na kwa nini picha inaganda baada ya dakika nne

Mafundi wenzangu wakinipigia kuhusu kugawa picha kwa waya wa mtandao, mara nyingi maneno ni yaleyale: "Kaka, picha inatoka safi kabisa, halafu baada ya dakika nne hivi inaganda. Nikichomoa waya na kuchomeka tena, inarudi." Visanduku vyao ni vizima, waya nao hauna neno. Kasoro iko kwenye mistari miwili ambayo haikuandikwa kwenye swichi ya mtandao, nayo nitaifikia hatua ya 4.

Tuchukue baa ya hoteli yenye ving'amuzi 6 na televisheni 14. Kila king'amuzi kinaingia kwenye kisanduku cha TX (kinachotuma picha), na kila televisheni ina kisanduku cha RX (kinachoipokea) mgongoni. Katikati ni swichi moja ya poti 24. Amri nitakazoandika ni za Cisco Catalyst. Swichi za kampuni nyingine zina mambo hayohayo kwenye menyu za kivinjari.

Hatua ya 1: piga hesabu kabla ya kugusa kitu.
Visanduku vinavyobana picha kwa H.264 hula kama Mbps (megabiti kwa sekunde) 15 hadi 20 kila kimoja. Vya JPEG 2000, vinavyobana kidogo zaidi, vikibeba 4K vinaweza kufika Mbps 850, yaani kimoja tu karibu kijaze poti ya gigabiti. TX haitumi picha kwa televisheni fulani, inatuma kwa kundi, na RX inayotaka inajiunga. Hii ndiyo multikasti. Swichi isiyojua nani kajiunga wapi inamwagia kila poti kila kitu. TX zetu 6 mara Mbps 20 ni Mbps 120, na kompyuta ya kaunta yenye kadi ya Mbps 100 imeshazama.

Hatua ya 2: gawa anwani za makundi.
Kila TX ipate kundi lake: 239.10.1.1, 239.10.1.2, hadi 239.10.1.6. Usianzie 239.0.0.x wala 239.128.0.x. Swichi nyingi huangalia anwani ya MAC (anwani ya vifaa kwenye waya), na MAC hubeba biti 23 tu za mwisho za anwani ya kundi. Hivyo makundi hayo yanafanana na 224.0.0.x, ambayo swichi huyamwaga kila mahali hata ukisanidi vizuri namna gani.

Hatua ya 3: tenga VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya swichi hiyohiyo) ya picha.

vlan 20
 name PICHA
interface range gigabitEthernet0/1 - 20
 switchport mode access
 switchport access vlan 20
 spanning-tree portfast

Poti 1 hadi 6 ni za TX, 7 hadi 20 za RX. Poti 23 iache kwenye VLAN 1 kwa ajili ya kompyuta yako, usije ukajifungia nje (nilishafanya hivyo saa nne usiku, nikarudi nyumbani kufuata waya wa konsoli). Poti 24 inakwenda kwenye ruta ya ofisi. Kifaa cha Wi-Fi kisikanyage VLAN 20: hewani multikasti kwa kawaida hutumwa kwa kasi ya chini kabisa, na wageni wote wataona intaneti imekufa. Kama swichi ina hali ya kubana umeme kwenye poti, izime kwenye poti hizi 20.

Hatua ya 4: muulizaji.

ip igmp snooping
ip igmp snooping querier address 10.20.0.2
ip igmp snooping querier

IGMP ni lugha ambayo RX hutumia kujiunga na kundi au kuliacha. Mstari wa kwanza unaifanya swichi idukize: RX ikisema "naingia kundi la 239.10.1.3", swichi inasikia na kuiandika poti ile kwenye daftari lake. Kwenye Catalyst huwa umeshawashwa, na ndiyo maana wengi huridhika hapo.

Lakini daftari hilo lina muda. Kwa viwango vya kawaida, jina lisilothibitishwa tena ndani ya sekunde 260 linafutwa. RX hujitangaza inapowashwa, baada ya hapo inakaa kimya ikisubiri kuulizwa. Kwenye mtandao wenye ruta ya multikasti, ruta ndiyo huuliza kila sekunde 125. Baa haina ruta ya namna hiyo. Hakuna anayeuliza, hakuna anayejibu, sekunde ya 260 inafika, picha inaganda. Ukichomeka upya, RX inajitangaza upya, na saa inaanza kuhesabu tena. Kazi ya mistari miwili ya chini ni kumpa mtandao muulizaji.

Ukiwa na swichi mbili au zaidi, muulizaji akae kwenye swichi yenye TX nyingi. Picha zote huvutwa kuelekea aliko yeye, ziwe zinatazamwa au hazitazamwi. Ukimweka upande wa televisheni, waya unaounganisha swichi utabeba mzigo wa bure.

Hatua ya 5: kuondoka haraka.

ip igmp snooping vlan 20 immediate-leave

Mhudumu akibadilisha chaneli, RX inaacha kundi la zamani papo hapo. Bila hivyo makundi mawili hupishana kwenye poti moja kwa muda mfupi, na kwa visanduku vya Mbps 850 utaona picha imekatika vipande. Onyo: amri hii ni kwa poti yenye RX moja tu. Kama umening'iniza kaswichi kadogo na RX mbili, mmoja akiondoka anamzimia mwenzake.

Hatua ya 6: hakiki, tena kwa saa mkononi.

show ip igmp snooping querier
show ip igmp snooping groups

Kwenye orodha ya pili kila kundi linalotazamwa lionyeshe poti za RX zake. Kisha washa televisheni zote, agiza soda, kaa dakika kumi. Usikabidhi kazi kabla ya hapo.

Zikipita, andika copy running-config startup-config, nenda kwenye mita, kata umeme mwenyewe na uurudishe. Picha zote 14 zirudi bila mtu kugusa waya.