Crash Bandicoot 4: namna ya kuicheza mpaka mwisho bila kuichukia

Watu wengi wanaianza Crash 4, gemu ya video ya kurukaruka ambayo shujaa wake anaitwa Crash, kwa moto, wanaenda vizuri mpaka katikati halafu wanaiacha, na ukiwauliza sababu ni ile ile, walitaka kuvunja kila boksi kwenye kila steji tangu mara ya kwanza kama tulivyozoea enzi za PS1. Hii gemu haitaki hivyo jamani. Ukiicheza kwa mpangilio inavyotaka yenyewe ni moja ya gemu bora kabisa za kurukaruka nilizowahi kushika, nasema kwa moyo wote, na inaniuma kuona mtu anaishia nusu.

Kwanza ujue unacheza nini. Crash Bandicoot 4: It's About Time ilitoka tarehe 2 Oktoba 2020 kwa PS4 na Xbox One, imetengenezwa na Toys for Bob, wale wale walioirudisha Spyro, ile gemu ya joka, mwaka 2018, na Activision ndio waliotoa. Machi 2021 ikaingia PS5, Xbox Series, Switch na kompyuta. Zile tatu za mwanzo za 1996, 1997 na 1998 zilikuwa za Naughty Dog, na hadithi ya hii inaanza pale pale ilipoishia ya tatu, yale mengine yote yaliyofuata baada ya hapo wameyaweka pembeni. Kwa hiyo kama uliishia Warped, yaani hiyo ya tatu, na PS1 yenu ikafa, hujapitwa na kitu, ingia tu.

Sasa kuhusu rivyu. Toleo la PS4 lilipata kama 85 kati ya 100 pale Metacritic, tovuti inayojumlisha alama za wakosoaji, hizo ni alama nzuri sana kwa mwendelezo uliosubiriwa zaidi ya miaka 20. Wakosoaji walisifia muonekano, jinsi Crash anavyotii pedi, na steji ambazo kila moja ina wazo lake. Walicholalamikia ni ugumu unaopanda ghafla, steji ndefu, na maboksi yaliyofichwa kwa roho mbaya. Mimi naona wote walikuwa sahihi, wanaosifia na wanaolalamika, na ukiyaangalia vizuri hayo malalamiko karibu yote yanampata mtu anayetaka kumaliza asilimia zote. Anayecheza hadithi tu anakutana na gemu ngumu lakini ya haki. Ndio maana ushauri wangu mkubwa ni huu: igawe, hadithi kwanza, maboksi baadaye.

Ukiwasha itakuuliza Modern au Retro. Chagua Modern. Retro ni ile ya zamani, una maisha ya kuhesabu na yakiisha unarudi mwanzo wa steji, na humu kuna sehemu unaweza kufa mara ishirini kwenye shimo moja tu, sasa fikiria unarudishwa mwanzo. Modern inahesabu tu umekufa mara ngapi na unaendelea kutoka chekipointi, yaani sehemu ya mwisho iliyohifadhiwa. Pia hakikisha ile duara ya njano chini ya Crash imewashwa kwenye seting, inakuonyesha akiruka atatua wapi hasa. Usiizime eti kwa sababu wewe ni mkongwe. Shida ya Crash tangu zamani ni kupima umbali maana kamera iko nyuma yake, na hiyo duara imeitibu kabisa. Kwenye njia nyembamba zilizonyooka jaribu kutumia mishale ya pedi badala ya kijiti, anaenda moja kwa moja bila kupinda.

Mzunguko wa kwanza usihangaike. Kila steji ina vito sita: vitatu vya matunda ya wumpa (asilimia 40, 60 na 80), kimoja cha kuvunja maboksi yote, kimoja cha kutokufa zaidi ya mara tatu, na kimoja kimefichwa mahali. Vile vya matunda vitakuja vyenyewe tu ukipita. Vingine achana navyo kwa sasa. Kitu cha kujaribu mapema ni kanda za video, hizo zinaelea njiani na unazipata tu kama umefika hapo bila kufa, kwa hiyo ukifa kabla ya kuifikia na unaitaka, anza steji upya hapo hapo usisubiri. Kanda zinafungua steji za majaribio za mwaka 1996, ngumu lakini fupi, na zinakufundisha kuruka juu ya maboksi kuliko sehemu nyingine yoyote.

Halafu kuna vinyago vinne vinavyompa Crash nguvu za ziada, na hapa ndipo utamu wa gemu ulipo. Lani-Loli anafanya vitu vitokee na vipotee, Akano anakuzungusha kama pia ya watoto na unaruka mbali sana, Kupuna-Wa anapunguza kasi ya muda, Ika-Ika anageuza dunia juu chini. Anayesumbua watu wengi ni Akano, kwa sababu ukishaanza kuzunguka unateleza na kupita ulipotaka kutua. Dawa yake acha kuzunguka mapema kabla ya kutua, usisubiri miguu iguse. Lani-Loli yeye anataka mdundo, bonyeza ukiwa hewani sio ukishafika, na ukizoea vidole vinajua vyenyewe.

Utacheza pia na wahusika wengine watatu, Tawna, Dingodile na Cortex. Tawna mtamu sana na ile kamba yake. Cortex mzito kidogo, anabadilisha maadui kuwa majukwaa, hapo inabidi ufikiri kabla ya kufyatua. Steji zao nusu ya pili zinakurudisha kwa Crash kwenye eneo ulilokwishapita, na wakosoaji kadhaa walilisema hilo, na kweli inachosha. Mimi ningezipunguza.

Ukimaliza hadithi ndio sasa rudi kwa maboksi. Steji kadhaa za mwishoni zina zaidi ya 200 kwa hiyo usikimbie. Ukifika kila kona simama, rudi hatua mbili kuelekea kamera, angalia nyuma ya nguzo, angalia chini ya kingo, maana wanapenda kuyaweka pale ambapo kamera haioni. Nitro, yale maboksi ya kijani yanayolipuka, usiziguse, mwishoni kuna boksi la kijani lenye alama ya mshangao linalozilipua zote na zinahesabiwa. Kwenye sehemu za kupanda mnyama au kuteleza ukikosa boksi moja hakuna kurudi nyuma, kwa hiyo kariri njia kwanza kwa kufa makusudi mara mbili tatu.

Mkiwa wengi nyumbani kuna Pass N. Play, mnapokezana pedi moja mpaka watu wanne kwenye steji hizo hizo za hadithi, na huu ndio ulikuwa utaratibu wetu hata kabla haujawekwa kwenye gemu.

Zile N. Sanely Perfect, yaani maboksi yote bila kufa hata mara moja, ziache mwisho kabisa, na usizichanganye na kukimbiza saa, yaani kumaliza steji kwa muda mfupi, kwa siku moja. Kwenye saa vunja maboksi ya namba 1, 2 na 3 yanasimamisha muda kwa sekunde hizo, na jifunze kubonyeza kuzunguka mara tatu kwa mdundo bila pupa, Crash anakwenda kasi kuliko kukimbia kawaida. Anza na steji za kisiwa cha N. Sanity, ni fupi, ukipata platinamu, tuzo ya juu ya muda, pale mkono utakuwa umeshaiva kwa zile za mbele.