Somo: Kukagua WRX au Altezza iliyotumika kabla hujatoa hela

Minada ya korosho ikianza Oktoba, magari ya mwendo yaliyotumika huanza kushuka kutoka Dar kuja Mtwara na Masasi: Subaru Impreza WRX, Toyota Altezza, Subaru Forester ya tabo (turbo). Madalali wanajua hela iko wapi. Nayapenda sana magari haya, na inaniuma kuona kijana anatoa hela ya mavuno ya familia nzima halafu anauziwa mbuzi kwenye gunia. Wewe unayeuza pia soma, maana gari iliyokwisha kukaguliwa ni vigumu kushushiwa bei ovyo.

Hatua ya 1: Je, gari ndiyo yenyewe?
Kabla hujapanda hata bodaboda kwenda kuiona, omba picha ya namba ya chesisi. Kwa Impreza za 2000 hadi 2007, GDB ni STI, yaani toleo kali zaidi la WRX, na GDA ni WRX ya kawaida. Ikianza na GD2 au GD3, hiyo ni ya lita 1.5 isiyo na tabo, hata kama imevalishwa boneti yenye tundu na bawa kubwa nyuma. Kwa Altezza, SXE10 ni RS200 yenye injini ya 3S-GE, silinda nne. GXE10 ni AS200, injini ya 1G-FE, silinda sita. Zote mbili ni lita 2, ila mwendo wake si mmoja, na bei isiwe moja. Ukifika kwenye gari, linganisha namba ya kwenye bodi na ya kwenye kadi, herufi kwa herufi, uangalie na dalili za kuchomelea.

Hatua ya 2: Injini iwe ya baridi
Hapa usiwe na haraka. Nenda asubuhi, na umwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa boneti na ekzosi. Ukikuta moto, ahirisha, kwa sababu moshi wa kuwasha mara ya kwanza na mlio wa pistoni iliyolegea hupungua injini ikishapata joto.

Kabla ya kuwasha, chomoa stiki ya oili na ufungue mfuniko wa oili. Ute wenye rangi ya chai ya maziwa unakuambia maji yanaingia kwenye oili. Fungua rejeta pia, ila ni wakati huu tu, injini ikiwa baridi. Ukiona mafuta yanaelea juu ya maji, gari hiyo iache.

Sasa mwambie mtu awashe, wewe simama nyuma. Moshi wa bluu ni oili inayoungua: pete za pistoni, sili za valvu, au tabo yenyewe. Moshi mweupe mzito usiokatika, wenye harufu tamu, ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda. Mvuke mwepesi wa asubuhi usikutishe. Iache iungurume hadi feni ya rejeta iwake, kisha tazama chupa ya maji. Mapovu yanayopanda mfululizo humaanisha gasketi ya silinda hedi imekwisha, na injini ya Subaru inayochemsha ni gharama isiyoisha. Mwisho, panda hadi mizunguko 3000 kwa dakika kisha achia mafuta. Mlio wa konrodi inayogonga husikika vizuri injini ikiwa ya moto.

Baada ya hapo, pima mgandamizo wa silinda. Kwenye Subaru plagi ziko ubavuni, kwa hiyo mafundi wengi wanakwepa kazi hiyo. Mlipe fundi wako aifanye. Silinda zote nne zikaribiane. Tofauti ikizidi asilimia 10, uliza kwa nini.

Hatua ya 3: Chini ya gari
Gari iliyolala miaka kando ya bahari, Shangani au Mikindani, huliwa na chumvi. Nyingine zilianza kuoza Japan, kwenye mikoa ya theluji ambako barabara humwagiwa chumvi. Piga jeki, weka stendi, halafu gonga matao ya tairi za nyuma na mahali shokapu zinaposhika bodi. Kwenye puti sumaku haishiki. Lakini usimlaumu muuzaji kwa boneti ya WRX, ile ni alumini.

Hatua ya 4: Tairi na barabara
Subaru inavuta tairi zote nne, kwa hiyo tairi ziwe za saizi moja na zimelika sawa. Vinginevyo difu ya katikati inaumia. Soma tarakimu nne za mwisho za DOT, namba iliyo ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Iendeshe kwenye lami ya Mtwara kwenda Mnivata, si mitaani tu. Gia ya pili ikikwaruza, boksi lina kazi.

Hatua ya 5: Karatasi
Angalia deni la faini za trafiki kwa namba ya gari, thibitisha kadi TRA, na mkataba usainiwe mbele ya wakili.

MASWALI YA WANACHAMA

*Newala:* Fundi, muuzaji ana karatasi ya mnada wa Japan, daraja la 4. Si inatosha?
Jibu: Haitoshi, kaka. Inaeleza hali ya siku ile ya mnada tu. Itumie kulinganisha kilomita na dashibodi. Ikiwa daraja limeandikwa R au RA, ujue iligongwa ikatengenezwa.

*Lindi mjini:* Shikamoo fundi. Mimi ndiye nauza. Mnunuzi anataka kuipeleka kwa fundi wake. Nikubali?
Jibu: Marahaba. Kubali, ila uwepo mwenyewe mwanzo hadi mwisho, na gharama alipe yeye. Akikuonyesha kasoro ya kweli, punguzeni bei kwa kiasi cha matengenezo, si zaidi.

*Masasi:* Taa ya injini haiwaki kabisa. Ni dalili nzuri?
Jibu: Hapana, dada. Ukifungua swichi kabla ya kuwasha lazima iwake, kisha izime injini ikishanguruma. Isipowaka kabisa, huenda wameitoa au kuiziba. Chomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Ikionyesha vipimo vya ndani havijakamilika, hitilafu zimefutwa karibuni au betri ilichomolewa. Iendeshe siku kadhaa kisha uisome tena. Muuzaji akikataa, usinunue.