Ukienda Malaysia usiishie Kuala Lumpur, shuka pwani ya mashariki

Wengi wetu hapa Mombasa tukikata tiketi ya Malaysia ni picha pale minara ya Petronas, shoping mpaka begi linakataa kufunga, haya turudi. Sawa, lakini kama unapenda kuona kitu kikitengenezwa mbele ya macho yako, panda basi la usiku pale TBS, kituo kikuu cha mabasi cha Kuala Lumpur, uende majimbo ya pwani ya mashariki, Terengganu ama Kelantan.

Kwanza msimu, manake hapa ndo watu wa kwetu wanachanganyikiwa. Kaskazi kwetu, Desemba Januari, ni jua na bahari safi, na kule upepo ni huo huo wa kaskazini mashariki ila umepita juu ya bahari ukabeba maji yote, kwa hivyo Novemba mpaka Februari ni mvua ya kumwaga, mafuriko, na boti nyingi za visiwa vya Perhentian na Redang zinasimama. Nenda Aprili mpaka Septemba. Homa ya manjano chanja angalau siku 10 kabla ya safari, kadi utaulizwa tu kwa vile unatoka Kenya, na fomu ya MDAC, ile kadi yao ya kidijitali ya kuingia nchini, jaza mtandaoni ndani ya siku 3 kabla ya kufika. Muguka na miraa acha hapa hapa, usithubutu, sheria zao za dawa za kulevya hazina mchezo.

Sasa batiki. Usinunue kabla hujakaa ukajaribu mwenyewe, karakana nyingi wanakubali ukiomba. Utapewa canting, kikombe kidogo cha shaba chenye mdomo mwembamba, mpini wa mbao, unachota nta ya moto unafuata mstari wa penseli. Ukisita nta inafanya bonge, ukienda mbio mstari unakatika na rangi baadaye inavujia ng'ambo, na hakuna kufuta. Ukishamaliza unapaka rangi kwa brashi, inakimbia kwenye kitambaa mpaka ikute nta hapo inasimama, raha sana kuiangalia. Kisha inatiwa dawa ya kushika rangi, inachemshwa nta itoke, na hiyo inataka muda kwa hivyo nenda siku ya kwanza, sio siku ya kuondoka. Wakati wa kununua geuza kitambaa, ya mkono rangi imepenya upande wa pili, ya kiwandani nyuma imepauka. Na bei jamani msibishane kama mko Biashara Street mnanunua leso, ile ni kazi ya mkono.

Kuna kitu mimi naona mtu wa pwani asikikose, mafundi wa boti pale Duyong, Kuala Terengganu. Wanaunda kwa mti wa chengal bila ramani ya karatasi, mbao za ubavu zinatangulia, mataruma, yaani mbavu za ndani, yanafuata, na katikati ya mbao na mbao wanaweka gome la mti wa gelam ambalo likilowa linavimba linaziba. Mtu aliyeona jahazi likitiwa kalafati ataelewa bila mkalimani. Mafundi wamebaki wachache, kwa hivyo salimia kwanza, mkono kisha kifuani, uliza kama unaweza kupiga picha. Ukitaka kuonyesha kitu tumia dole gumba la kulia, kidole cha shahada kwao ni utovu wa adabu.

Sokoni nenda Pasar Payang hapo hapo Kuala Terengganu, ama kule Kelantan, mji wa Kota Bharu, soko la Siti Khadijah, limepewa jina la mke wa Mtume na wauzaji karibu wote ni akina mama. Kula nasi dagang asubuhi, wali wa nazi na mchuzi wa samaki jamii ya jodari, nyumbani kabisa. Budu onja kidogo tu, ule mchuzi wa dagaa waliochachushwa si wa kila mtu. Wikendi yao ni Ijumaa na Jumamosi, ofisi utazikuta zimefungwa.

Kasa wakija kutaga usiku fuata askari wa hifadhi, bila tochi wala flashi, kaa nyuma ya kasa sio mbele, kasa akiona mwanga anageuza kurudi majini. Mayai yao Terengganu walipiga marufuku kuuza 2022, ukiletewa kataa.