Kupima mapafu kwa ultrasaundi huku daktari akikuongoza kwa simu

Nipo kituo cha afya huku Newala. Daktari anayesoma picha zangu yuko Mtwara mjini. Mikono yangu, macho yake. Njia yenyewe si ngeni: wanaanga wa Kituo cha Anga cha Kimataifa walishapimana hivyo wakiongozwa na wataalamu walioko duniani. Kinachotuangusha mara nyingi si mashine, ni maneno.

1. Kubalianeni lugha kabla ya kupaka jeli

Siku zangu za mwanzo daktari aliniambia, "Shuka chini kidogo." Nikateremsha probu, kile kifaa cha mkononi kinachogusa ngozi, kuelekea tumboni, kumbe yeye alitaka niongeze kina cha picha. Tukabaki tunaangalia ini.

Sasa tuna maneno manne ya mkono: telezesha (probu nzima inahama), inamisha (mkia unalala, uso haubanduki), zungusha, bonyeza. Mwelekeo tunautaja kwa mwili wa mgonjwa: kichwani, miguuni, kifuani, mgongoni. Kulia ni kulia kwa mgonjwa. Neno "chini" tumelipiga marufuku.

2. Andaa simu, kisha mgonjwa

Chaji ijae na bando liwepo. Kamera ilenge mkono wako na kioo cha mashine, si uso wa mgonjwa. Mtandao ukiyumba, zima video ubaki na sauti. Rekodi vipande vya sekunde sita, viandike "kulia-mbele-juu" na kadhalika, uvitume.

Omba ridhaa kwa maneno ya kawaida.

"Shikamoo, Bibi. Nitakupaka kitu cha baridi kifuani, na daktari wa Mtwara ataangalia pamoja nasi kwenye simu. Unaridhia?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Akiuona na mgongo, aniambie unaumia nini."

3. Mtafute popo

Tumia probu yenye uso uliobinuka, alama yake ielekee kichwani, uikatishe mbavu mbili. Kila ubavu ni upinde mweupe wenye kivuli cheusi nyuma yake. Katikati yao, kama nusu sentimeta ndani zaidi, kuna mstari mng'avu. Mbavu ni mabawa, mstari ni mwili wa popo: huo ndio utando wa pafu. Usihame mpaka daktari aseme, "Nimeuona."

Mgonjwa akivuta pumzi, mstari huo hutembea kama msafara wa siafu. Usipotembea, huenda hewa imeingia kati ya pafu na ukuta wa kifua. Lakini nimonia kubwa nayo huweza kuuzuia, hivyo usikimbilie sindano ya kutoa hewa kwa dalili hiyo peke yake.

4. Soma kilicho nyuma ya mstari

Mistari ya kulala inayojirudia kwa nafasi sawa ni hewa; utando ukiwa unateleza, hapo pafu ni kavu. Michirizi ya kusimama inayoanzia kwenye utando, kushuka hadi mwisho wa kioo na kucheza na pumzi ni alama ya unyevu. Hesabu: mitatu au zaidi kati ya mbavu mbili si kawaida. Ikijaa pande zote mbili, fikiria moyo ulioshindwa. Ikiwa sehemu moja, nimonia. Pafu linalofanana na ini limepoteza hewa yake.

Pita sehemu sita kila upande: mbili mbele, mbili ubavuni, mbili mgongoni. Ugonjwa uliojificha ndani bila kugusa utando hutauona, na kifua kikuu bado kinahitaji kohozi.

5. Usiache ubavu wa nyuma

Tunasema "maji kwenye mapafu" kwa mambo mawili tofauti: unyevu ndani ya pafu, na maji yaliyolizunguka kwa nje. Haya ya nje hukaa penye bonde, kwa hiyo mkalishe mgonjwa na utafute kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo.

Kwa Bibi, upande wa kulia, juu ya kiwambo palikuwa peusi, yaani maji, ncha ya pafu ikipunga humo kama ulimi. Nikasikia kwenye simu: "Hapo hapo, dada. Usipumue hata wewe." Pingili za uti wa mgongo zilionekana hadi juu ya kiwambo, mahali ambapo pafu lenye hewa lingezificha. Tukaandika rufaa, na kohozi likaenda maabara.

6. Futa

Mfute mgonjwa kwanza, jeli ikikauka inawasha. Kisha probu, kwa dawa iliyotajwa kwenye kijitabu chake. Spiriti ya kujiamulia huweza kupasua mpira wake.