Bluberi Haitaki Majivu: Pima pH Kabla ya Kununua Mche

Jani changa la bluberi likigeuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani, wakulima wengi hukimbilia samadi. Wiki mbili baadaye njano imezidi, inaongezwa CAN (mbolea ya kalsiamu na naitreti ya amonia), na wengine humalizia kwa konzi ya majivu. Huko ni kuumaliza mmea kwa kuuhudumia. Njano ile si njaa ya mbolea. Madini ya chuma yamo udongoni, ila yamejifunga kwa sababu udongo hauna uchachu wa kutosha, na mizizi haiwezi kuyafyonza. Samadi ya kuku mara nyingi ina pH (kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu huongezeka) ya 7 au zaidi na chumvi juu yake, majivu hupita 10, CAN huleta kalsiamu na nitrati wakati bluberi inapendelea naitrojeni ya amonia. Kila ulichokiongeza kimezidi kukifunga kile chuma.

Bluberi inataka pH kati ya 4.5 na 5.5. Bustani inayokupa kabichi nzuri huwa kwenye 6 hadi 7, kwa hiyo usiseme "udongo wangu una rutuba". Na kipimo hiki hakiendi kama rula: kila namba moja ni mara kumi. Udongo wa 6.5 una uchachu pungufu mara 100 ukilinganisha na wa 4.5. Hiyo siyo "karibu karibu".

Pima hivi. Chota udongo sehemu 5 hadi 10 za eneo utakalopanda, kina cha sentimita 0 hadi 20, uchanganye kwenye ndoo safi isiyowahi kubeba chokaa wala saruji, kisha peleka maabara ya udongo au tumia karatasi za pH na maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyoondolewa madini kwa kuchemshwa na kukusanya mvuke. Vile vipima vya kuchomeka ardhini vya bei rahisi hudanganya mno, usivitegemee kwa uamuzi huu.

Ikiwa pH ni 6, tumia salfa ya unga: takribani gramu 60 kwa mita moja ya mraba kwenye udongo wa kichanga, na takribani 170 kwenye tifutifu. Tumia mizani, konzi ya mkono si kipimo. Changanya hadi kina cha sentimita 15 hadi 20 na uweke unyevu. Hapa ndipo haraka inapoharibu kila kitu. Salfa yenyewe haina uchachu. Bakteria wa udongoni ndio wanaoigeuza kuwa asidi, na kazi hiyo huchukua miezi, tena polepole zaidi udongo ukiwa mkavu au baridi. Tayarisha miezi 6 kabla ya kupanda, upime tena, ndipo ununue miche. Anayemwaga salfa leo ili apande Jumamosi ijayo anajidanganya.

Udongo ukitoa povu ukiumwagia siki, una chokaa, na salfa haitaushinda. Panda kwenye chombo cha lita 40 au zaidi chenye matundu chini, nusu piti mosi (mabaki ya kuvumwani wa kinamasi, huuzwa kwa wauza mbegu na vitalu) na nusu magome ya msonobari yaliyosagwa. Loweka piti mosi kwanza, maana ikikauka hukataa maji. Usitie hata koleo moja la udongo wa bustani. Usitumie chombo cha saruji, na usipande kando ya ukuta wa saruji, kwani chokaa huchuja humo kila mvua.

Maji nayo yanaweza kukuangusha. Birika likiweka ukoko mweupe, maji hayo yanarudisha pH juu kidogo kidogo. Kinga maji ya mvua uyatumie badala yake. Mwagilia mara kwa mara, kwa sababu mizizi yake ni myembamba, haina vinyweleo, na mingi hukaa ndani ya sentimita 30 za juu. Ikikauka siku chache, inakufa. Ikituamiwa na maji, inaoza. Tandaza magome au maranda unene wa sentimita 8 hadi 10, ukiacha nafasi kuzunguka shina.

Usiweke mbolea yoyote ndani ya shimo. Wiki 6 baada ya kupanda, nyunyiza gramu 15 za SA (mbolea ya salfeti ya amonia) kwa kila mche, umbali wa sentimita 15 hadi 30 kutoka shinani, umwagilie. Kwenye chombo weka nusu yake. Machicha ya kahawa yanayosifiwa sana hayashushi pH. Yakishapikwa, uchachu mwingi umebaki kwenye kikombe.

Aina ichague kwa baridi ya mahali pako. Penye joto tafuta zinazohitaji saa chache za baridi, vinginevyo utapata majani tu. Mwaka wa kwanza ng'oa maua yote.

Kwa aliyekwisha kupanda na majani ni ya njano: acha samadi, majivu na CAN leo hii. Pima pH. Ikiwa juu, nyunyiza salfa isiyozidi gramu 50 kwa mita ya mraba chini ya matandazo, upime tena baada ya miezi 3 kabla ya kuongeza. Dawa ya chuma ya kupulizia majani hurudisha kijani kwa muda tu. Majani mapya yakitoka kijani kote, umepatia. Ya zamani usiyahesabu.